Wekundu Uliokimbia Joto

Mheshimiwa Mkurugenzi wa ukumbi wa maigizo, mgeni wetu rasmi. Baba Mkubwa, mwenye nyumba hii. Shangazi yangu, mwenye karakana tunayoizindua. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi majirani ambao hamkualikwa ila mmefuata sauti ya spika: habari za mchana!

Najua mnajiuliza, mbona kasimama huyu na si binamu yake mwenye digrii? Binamu aliandika hotuba, Shangazi akasoma ukurasa wa kwanza akasinzia. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, bado hatujakubaliana. Lakini kwa kuongea, nionyesheni wa kunishinda.

Pazia hili nyuma yangu, jekundu mpaka linaona haya lenyewe, halikutiwa rangi ya dukani. Rangi yake imetengenezwa na bakteria. Ndiyo, mama, wewe uliyerudisha kiti nyuma, bakteria! Usiogope, waliuawa kwa mvuke kabla rangi haijagusa uzi. Shangazi, mwalimu mstaafu wa kemia, huwafuga kwenye chupa zenye supu yao. Wakiridhika na chumba, wanatoa wekundu. Wasiporidhika je?

Msimu wa baridi ulipoingia, chupa zikaanza kujivuta. Wekundu ulikuwepo, lakini kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni kwa kinyongo, na Mheshimiwa alitaka pazia kabla ya onyesho lake la ufunguzi. Baba Mkubwa naye, aliyempa dada yake chumba kwa majaribio, alikuwa ameshasema: "Pazia likishindikana, dada yangu, naingiza matairi yangu humo." Mtu kafundisha watoto wa watu maisha yake yote, ndoto yake mwenyewe kaianza uzeeni, halafu ipishe matairi?

Je, Baba Mkubwa ni mtu mbaya? Hata kidogo! Ndiye aliyemwona dada yake anahangaika, akaja amejitwika hita ya umeme pana kama yeye mwenyewe, akaziba madirisha kwa magodoro. "Kiumbe gani hapendi joto?" akauliza. Nani angembishia, na jasho lile linamtiririka?

Basi bakteria wakafurahi! Wakazaana mpaka supu ikawa nzito. Nzito, na nyeupe pe. Siku hiyohiyo Mheshimiwa akaja kukagua, akainua chupa kwenye mwanga.

"Mwalimu," akasema, "niliagiza pazia jekundu. Mbona naonyeshwa maziwa? Nitarudi Ijumaa. Nisipokuta wekundu, nakwenda dukani."

Alipoondoka, Shangazi hakulia. Alivuta kopo lake la mafuta ya nazi ajipake mikono, maana hivyo ndivyo anavyofikiri. Baridi yote ile mafuta yalikuwa yameganda, anayachokoa kwa kijiko. Safari hii yakammwagikia mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe mropokaji, njoo. Haya ni nini?"

"Mafuta, Shangazi."

"Naona ni mafuta! Yakoje?"

"Majimaji."

"Na kabla ya hita?"

"Yalikuwa jiwe."

Akanitazama kama nimefaulu mtihani. "Joto la chumba limeyatoa mafuta kwenye ugumu likayafanya maji, na hakuna aliyeshangaa. Kwa nini nilidhani halitawagusa bakteria?" Akachukua kipimajoto. Chumba kilikuwa na joto la mwili wa mtu. "Hiki si chumba," akasema, "hili ni kwapa!"

Kumbe hawa viumbe ndivyo walivyo. Kwenye joto la mwili wanakula, wanazaana, wananenepa, lakini rangi hawatengenezi. Wape joto la kawaida la chumba, lisilomtetemesha mtu wala kumtoa jasho, ndipo wanapowaka. Hawakuwa wamekufa wala kuugua. Walikuwa wamegoma!

Tukazima hita, tukang'oa magodoro, tukawa tunaiwasha kidogo tu baridi ikizidi, Baba Mkubwa kasimama mlangoni analalamika: "Mnawaua wadudu wa watu kwa baridi!" Chupa zilezile nyeupe, kwanza zikawa na haya kidogo, waridi. Kisha nyekundu. Ijumaa Mheshimiwa akafika, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Mheshimiwa, nisamehe nikisema mbele za watu: ulifungua mdomo ukasahau kuufunga.

Sasa nageuka kushoto. Baba Mkubwa, pazia ndilo hilo, majaribio yamekwisha, na tangu asubuhi tunakunywa soda bila kujua kesho chumba hiki ni cha nani. Mbele ya watu hawa wote, ni cha nani? Usiangalie simu, mzee wangu, haijaita.

Unasemaje? Paza sauti, watu wa nyuma hawasikii.

Anasema chumba ni cha dada yake, leo na siku zote, kwa sharti moja: mimi nikae chini sasa hivi.

Mmesikia? Mheshimiwa, umesikia? Shangazi, usifute machozi kwa pazia, hilo ni la watu! Pokea ufunguo upesi kabla hajabadili mawazo.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kuja, na kwa masikio yenu mliyonipa yote mawili. Leo mdomo wangu umelipa kodi ya chumba, kwa hiyo naufunga. Asanteni kwa kunisikiliza.