Nani Anakula Umeme wa Fanuel?

Kijiwe chetu cha Ngarenaro kimeegemea ukuta wa nyumba ya Fanuel, ambaye ndiye mwenyekiti wake, na asubuhi hiyo mwenyekiti hakuwa na raha hata kidogo. Mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zimeingia mtaani mwaka ule, na uniti za kwake zilikuwa zinayeyuka tu. Mkewe Tekla alishatoa neno la mwisho: umeme ukiisha tena kabla ya mwisho wa mwezi, redio kaseti inauzwa. Redio yenyewe Fanuel aliifuata Namanga, na tuseme ukweli, aliipenda kuliko baadhi ya shemeji zake.

— Nimezima taa zote, alilalamika. Juzi nimemtilia mgeni chumvi kwenye chai, giza tupu!

— Tatizo ni sauti, alisema Lerionka, aliyeitwa Injinia tangu alipobadilisha balbu ya kanisa. Redio ukiifungulia sana inavuta. Sikiliza kwa kunong'ona.

— Nanong'ona mpaka sijui nani kafunga goli!

— Sauti wapi bwana! alidakia Abdiel, dereva mstaafu. Umeme unatoka mabondeni huko, unapanda mlima kuja kwetu. Ukifika kwa Fanuel umeshachoka, lazima utumike mwingi.

— Basi ahamie Kisongo, kule tambarare, alisema Lerionka.

— Kisongo? Ndege za uwanjani pale si zinaunyonya zikipita!

Wakacheka. Lerionka akajimiminia kahawa nyingine, akarudisha birika juu ya jiko lililokuwa miguuni petu.

— Friji umezima?

— Nimezima. Na Tekla haongei na mimi.

— Umeona? Mwenzio anabana matumizi mpaka ya maneno.

Ndipo alipotokea Mama Susana, mama yake Tekla, katoka Kikwe na mkungu wa ndizi kichwani. Wote wakasimama.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu.

Fanuel akampokea mzigo, akampa kiti na kikombe. Mama akanywa kidogo, akainama kulitazama jiko.

— Baba, jiko lenu hili halina mkaa wala kuni. Linakula nini?

Abdiel alianza kukohoa. Jiko lilikuwa la koili ya umeme, na waya wake uliingia dirishani kwa Fanuel. Alilichomeka mwenyewe kwa majivuno siku walipompa uenyekiti, na tangu hapo lilikuwa linawaka kutwa. Kila mtu alilihesabu kuwa la kijiwe, hata yeye. Aibu ikampanda Fanuel mpaka masikioni.

Akaingia ndani, akachomoa waya, akatoa kichwa dirishani.

— Kuanzia kesho, kila mtu aje na mkaa wake!

Lerionka akaweka kikombe chini taratibu.

— Kwani mimi nilishawahi kusema napenda kahawa?

Huko ndani Tekla akaangua kicheko, cha kwanza wiki nzima, na Fanuel akafungulia redio mpaka mwisho.