Koti la Turubai na Jina la Halfani

Sogeeni karibu, wanangu, Flavian na Zita, na wewe Margareth mama yao, maana sauti yangu haifiki tena mbali. Na asogee pia ndugu yangu Halfani aliyekaa pale mlangoni, mwenye duka la mjini Sumbawanga, ambaye nimemwita ili nitakayosema leo ayasikie kwangu, si kwa watu.

Shamba la bondeni, la ulezi, ni la Flavian. La juu, la mahindi, ni la Zita, na mtu asimwambie kwamba binti harithi, kwa sababu matuta yale ameyainua yeye kwa jembe lake miaka yote ambayo wewe, Flavian, ulikuwa ukifanya kazi Mtowisa. Ng'ombe ni wa mama yenu. Hayo ni mepesi. Lililonielemea ni jambo la koti.

Mwaka ule vijana wetu waliporudi kutoka vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, nilikwenda mjini kumnunulia mama yenu koti la mvua, kwani matuta huinuliwa wakati wa mvua, na mvua ya huku kwetu ina baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Halfani alinitolea mawili: moja la mpira, jepesi, linalong'aa, jingine la turubai, zito, rangi ya majani makavu. Akaniambia, "Eustaki, vuta mshono huu uone. Tazama, mabegani pameshonwa mara mbili. Livae, inua mikono kama mtu anayelima, halikubani. Hilo la mpira ni la mtu wa ofisini, na ukilichukua, usilisogeze kwenye moto." Mimi nikataka linalong'aa, watu wa hapa kijijini Kasense wanione.

Siku ya kwanza lilipoloa, nililitundika juu ya mafiga likauke upesi. Asubuhi nikakuta mpira umegandana. Nilipoukunjua, ukapasuka mgongoni, nami nikalikunja tena bila kumwambia mama yenu. Mama yenu akalivaa, akaenda kulima, mvua ikampiga kutwa nzima, akarudi anatetemeka, kichomi kikamlaza hospitali ya misheni majuma matatu. Mlikuwa wadogo, mlilia mkidhani amekufa. Nilipoulizwa, nikasema Halfani kaniuzia koti bovu. Nikasema baada ya misa, nikasema penye pombe, nikasema mpaka kule Matai, hata watu wakaacha kununua nguo kwake. Margareth, uliniambia mara moja tu, "Eustaki, harufu ya mpira ilijaa jikoni," nami nikatoka nje.

Na koti hili la turubai, hapo ukutani, niliwaambia nimelitoa Abercorn, ng'ambo ya mpaka. Uongo. Nilimtuma jirani yetu Urbano kwa Halfani huyuhuyu, kwa kuwa nilijua hakuna mwingine mwenye koti kama lile, na uso wa kwenda mwenyewe sikuwa nao. Tangu hapo ni masika kumi na moja, na mama yenu hajaloa mgongo tena.

Halfani, nilikuchafulia jina. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe.

Unasemaje? Sema kwa nguvu, ndugu yangu, watoto wasikie.

"Nasema nilijua, Mzee Eustaki. Urbano aliniambia koti ni la nani. Nikayashusha yote yaliyokuwa rafuni, nikavuta mshono mmoja mmoja, nikakuchagulia lililo imara kuliko mengine. Nimekwisha kukusamehe."

Mmesikia, wanangu? Mmemsikia mtu huyu? Nipeni maji kidogo... Basi.

Flavian, Jumapili simama baada ya misa, uyaseme haya yote mbele ya watu, usipunguze neno kwa kunionea haya. Zita, koti ni lako. Lipake nta ya nyuki kabla ya masika, lianike kivulini, na likichakaa nenda kwa Halfani ukachague jingine, mchana, kwa mlango wa mbele. Mtunzeni mama yenu... Msigombane kwa ajili ya mpaka wa shamba... Mungu awape mvua ya kutosha, wanangu, na afya ya kuilimia. Margareth, nipe mkono... Una joto. Vizuri... vizuri sana.