Modesta Lukas Mbena, Mpima Bahari wa Nyandira

Baba Paroko, wazee wa ukoo, watani wetu ambao tangu juzi hamjatupa nafasi ya kulia vizuri, majirani wa Mwembesongo na wa hapa Nyandira, wafanyakazi wenzake marehemu, ndugu waombolezaji wote, poleni na msiba. Mimi ni Andrea Lukas Mbena, mdogo wake marehemu, tulizaliwa wawili tu, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii, kazi ambayo Jumanne niliipokea shingo upande. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tangazo la kwanza lilisema tunazika Kola, mjini, na leo magari yamepanda huku mlimani, kando ya kaburi la mama yetu. Nawaomba mvumilie, jibu limo humu humu.

Marehemu Modesta alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 hapa Nyandira, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Lukas na marehemu Mama Bernadeta, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Morogoro, akamaliza kidato cha nne mwaka 1981, na mwaka 1983 akaajiriwa kuwa mpimaji msaidizi wa hali ya hewa. Mwaka 1992 alihamishiwa Dar es Salaam, kwenye ofisi inayopima bahari, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu tarehe 14 Agosti 2023 na kurudi Morogoro mjini, kwenye nyumba yake ya Mwembesongo. Watani wamesema sana habari ya Mluguru asiyejua kuogelea kulipwa mshahara wa bahari, na ni kweli, hakujua kuogelea, na hata samaki alimla kwa wasiwasi wa miiba.

Tarehe 28 Desemba 1988 alifunga ndoa katika kanisa la hapa na Mwalimu Kaspari Kobelo, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, wakajaliwa mabinti wawili, Catherine na Brenda, na marehemu ameacha wajukuu watatu.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnapajua upande mmoja, na upande huo niliusambaza mimi. Alhamisi tarehe 16 Machi 2017, asubuhi, mama yetu alifariki, nikampigia dada simu, akalia, akasema anakuja. Kwetu mama huogeshwa na binti yake, na mama alikuwa na binti mmoja. Ijumaa hakutokea, Jumamosi tukamsubiri mpaka saa nane mchana, simu inaita haipokelewi, mama akaogeshwa na majirani, tukazika. Alifika Jumapili, akapiga magoti kaburini, nikamfuata pale pale nikamwambia, mbele za watu, “Umekuja kufanya nini?” Akanijibu, “Nilikuwa kazini, Andrea.” Nilichomwa na neno hilo, nikamwambia basi akazikwe huko huko kazini, huku kwa mama hana udongo, na sikusema naye tena kwa miaka minane.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Novemba 2024, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na mwezi Aprili mwaka huu nilifika nyumbani kwake, nikazungumza na Catherine barazani, nikaacha mfuko wa mchele, nikaondoka bila kuingia chumbani. Catherine ananiambia mama yake aliisikia sauti yangu. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, nami nikiwa mkubwa wa familia nikaagiza kaburi lichimbwe Kola.

Juzi Jumatano alikuja Bi Yasmin, aliyefanya kazi na marehemu kwa miaka kumi na tisa, akaketi nami akanieleza kazi ile taratibu, na mimi, bwana shamba mstaafu wa mpunga wa Dakawa, mtu wa mifereji, nikaielewa. Baharini yapo maboya yenye vipimo, yanatuma habari za mikondo, mawimbi na upepo, na habari hizo si za wavuvi na manahodha peke yao, wanazitegemea pia wanaolinda bahari, kwa sababu chombo kisicho na injini kinakwenda maji yanakokwenda, na anayeyajua maji anaweza kuwaambia wa meli ya doria waanzie wapi kutafuta.

Alhamisi ile ile aliyofariki mama, watu wenye silaha waliteka meli ndogo ya mizigo, wakapora, wakaharibu injini na redio, wakawaacha mabaharia kumi na mmoja wanaelea. Boya la karibu lilikuwa limeota makombe ya baharini na majani, likawa linatoa namba pungufu, na aliyejua zimepungua kwa kiasi gani ni mtu mmoja, aliyelifuatilia tangu siku lilipowekwa. Mkuu wake alikuwa ameshampa ruhusa ya msiba na gari lilikuwa mlangoni, lakini Modesta alipoziona zile namba alitua mkoba, akaketi, na kwa siku mbili, katika chumba ambacho simu haziruhusiwi, akawa anazisahihisha na kuwasogeza watafutaji, kwani walikuwa wameelekezwa mbali na penyewe. Jumamosi saa kumi alasiri mabaharia walikutwa, wote hai, maji ya kunywa yameisha tangu jana yake. Saa hiyo sisi tulikuwa tunafukia kaburi la mama.

Watekaji walikamatwa, na waliohusika na kazi ile waliapa kutosema neno mpaka kesi iishe. Iliisha mwaka 2022. Nikamuuliza Bi Yasmin, sasa tangu 2022 mbona dada hakuniambia? Akasema naye alimuuliza hivyo hivyo, na marehemu akamjibu, “Andrea hajaniuliza.”

Ndugu zangu, ni kweli. Nilimlaumu, nilimsema kwenye vikao vya ukoo, niliwakataza wengine wasimwalike, lakini kumuuliza sikumuuliza hata siku moja. Jumatano hiyo hiyo niliwaita wazee, nikafuta tangazo la Kola, na leo asubuhi dada ameogeshwa na binti zake wote wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mwembesongo waliompikia uji nilipokuwa siendi, wafanyakazi wenzake, na kipekee Bi Yasmin. Yupo pia Bwana Abdulswamad, mmoja wa wale mabaharia kumi na mmoja, ameomba ashike koleo wakati wa kufukia, wachimbaji naomba mumpishe. Catherine na Brenda, mbele ya watu hawa wote, mjomba wenu anawaomba radhi.

Dada Modesta, pumzika kwa amani, ile niliyokunyima mimi.