Dripu Bado Inadondoka: Kumuaga Sista Taratibu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana jina lake kamili, lakini hapa wodini halitumiki. Wagonjwa, madaktari, hata walinzi wa getini humwita Sista Taratibu. Mimi ni mfamasia wa hospitali, nimebishana naye kuhusu chupa na mipira ya dripu kwa karibu nusu ya miaka hiyo, na ndiyo maana wenzangu wamenitwisha kazi hii ya kuandika. Waliomba niwachekeshe. Nitajitahidi, ingawa leo sina moyo wa kucheka.

Alianza kama muuguzi wa zamu katika chumba cha wagonjwa ambao utumbo wao umepasuliwa na bado hauwezi kupokea chakula. Hao hulishwa kwa mshipa: chupa ya amino asidi, yaani protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, pamoja na sukari na chumvi zake. Kwa macho ni maji tu. Sista aliyaheshimu maji hayo kama mtu anavyouheshimu moto jikoni. Hakutundika chupa kabla ya kuona majibu ya damu, figo na ini. Aliiinua kila chupa dirishani kuangalia kama ina ukungu. Mgonjwa aliyekonda kwa njaa ya muda mrefu alianzishiwa kidogo sana, kwa sababu mwili kama huo ukimwagiwa chakula kwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo hushindwa. Daktari aliyetaka kuchanganya dawa nyingine ndani ya chupa hiyo alipewa tabasamu na mpira mwingine wa kupitishia dawa yake. Na aliyesema ameshanawa mikono, alinawa tena.

Kuna siku alikuja mkandarasi mmoja, kitambi mbele, akitaka atundikiwe dripu ya kurudisha nguvu kama aliyosikia inatolewa mtaani. Sista alimuuliza amekula nini asubuhi. Bwana yule alitaja, akataja, akawa anaendelea kutaja. Sista akamwambia mdomo wake unafanya kazi, tena kupita kiasi, na chupa ile ni ya watu ambao njia hiyo imefungwa. Mkandarasi aliondoka amenuna, na wodi nzima ilicheka mpaka mwenye mishono mipya akaomba tunyamaze.

Lakini jina la Taratibu halikutokana na kicheko.

Katika mwaka wake wa tano kazini alilazwa mke wa fundi cherehani mmoja. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi, na mtoto wake mchanga ameachwa kwa shangazi. Mumewe alishinda kando ya kitanda akiyatazama matone yakianguka moja moja, kwa uvivu uliomuumiza roho. Alikuwa ameambiwa kitu kimoja tu, kwamba hicho ni chakula. Sista alipoitwa chumba cha pili, fundi alinyoosha mkono akakisukuma kigurudumu kidogo cha kwenye mpira, kinachodhibiti kasi ya matone, akakifungua chote. Alitaka mkewe ashibe. Sista aliporudi alikuta chupa inaelekea kwisha, mgonjwa anatapika na moyo unakwenda mbio. Dripu ilifungwa, madaktari wakaja mbio, likafanyika kila linalowezekana. Mama yule alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Fundi aliuliza kama ni yeye aliyemuua. Wengi wetu tungekwepa, tungesema ni mapenzi ya Mungu, pole sana baba. Sista alikaa naye chini akamwambia, "Mkono ulikuwa wako, fundi. Ila kukueleza ilikuwa kazi yetu, na hatukukueleza." Maneno hayohayo aliyarudia mbele ya wakubwa. Alipewa onyo, akalipokea bila kulalamika.

Tangu hapo hakuna chupa iliyotundikwa kabla Sista hajavuta stuli na kukaa na ndugu wa mgonjwa. Humwekea mpira mkononi kabla haujaunganishwa, amwache akiguse kigurudumu, akizungushe, akizoee. Kisha humweleza kwa nini hatakigusa tena, na kwamba aite haraka akiona mgonjwa anatetemeka, ana kichefuchefu, au mkono umevimba. Wenzake walimnung'unikia. Walimwambia foleni ni ndefu. Alijibu neno moja, na ndilo likawa jina lake.

Miezi michache baada ya msiba, fundi alileta furushi la mifuko ya kitambaa cheusi ya kufunika chupa, maana alisikia kwamba dawa ile haipendi mwanga. Ameishona miaka yote hii. Alikuwa akiikabidhi mlangoni, kisha anaondoka. Ndani hakuwahi kuingia tena.

Mwezi huu ameingia, amebebwa. Tumbo lake limepasuliwa, na madaktari wanasema walichokikuta hakiwezi kutolewa chote. Sasa analishwa kwa mshipa, chini ya mfuko alioushona mwenyewe. Anayemuuguza ni binti yake, yule mchanga wa kwa shangazi, ambaye amekua akijua tu kwamba mama yake aliugua akafa.

Wiki iliyopita Sista alivuta stuli, akamwekea binti mpira mkononi, akaanza somo lake. Alipofika kwenye kigurudumu, akamgeukia fundi. Ni fundi aliyemalizia, kutoka kwenye mto: "Usikiguse, mwanangu. Cha mama yako nilikigusa mimi."

Binti aliuweka mpira kitandani akatoka. Tulisikia viatu vyake mpaka mwisho wa korido. Daktari alipopita aliuliza mbona chupa haijatundikwa, na Sista akajibu kwamba ndugu wa mgonjwa hajarudi. Fundi aligeukia ukutani akalia. Ilikuwa alasiri binti aliporudi, macho mekundu. Hakumwangalia baba yake. Alikaa kwenye stuli, akauchukua mpira, akamwomba Sista aanze upya, tangu mwanzo.

Sista, asante kwa wote uliowavusha, na kwa yule mmoja ambaye hukukubali tumsahau. Tunakuaga kwa huzuni na hatuoni haya kuisema. Hatujui fundi atakuwa nasi mpaka lini. Tunakutakia afya, usingizi usiokatizwa na mtu, na chai utakayoinywa ikiwa bado moto. Ukimaliza kukata keki, chungulia chumbani kwa fundi kabla hujaondoka. Matone yanaanguka moja moja, na binti amekaa kando ya baba yake, mkono mmoja mapajani, mwingine umeshika wa mzee.