Séraphin Kabemba "Dodo", Mtunza Sauti za Wachimbaji wa Musonoi (1989–2025)

Ndugu wafiwa, majirani wa Musonoi, na ninyi vijana mliotoka mgodi wa Mashamba kwa pikipiki za taksi-moto, asanteni kwa kufika. Mimi ni Tatiana, dada yake mkubwa. Tangu Jumatatu mama yetu ameomba kitu kimoja tu: asikie sauti ya mwanawe. Kwanza nisome maisha yake, nayo yalikuwa mafupi.

Séraphin Kabemba, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Dodo, alizaliwa Sandoa tarehe 14 Juni 1989, mtoto wa pili wa marehemu Kalumba na mama Numbi. Alianza shule hukohuko Sandoa, akaendelea Kolwezi baba alipopata kazi ya ukarani. Alisomea umeme hadi mwaka wa tano wa sekondari. Mwaka 2007 baba alifariki, na Dodo akaacha shule akaenda kuchimba madini Mashamba. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemzuia.

Mwaka 2012 shimo liliporomoka, likabaki na wenzake ndani. Yeye alikuwa juu akipumzika. Hakushuka tena. Alinunua kompyuta kuukuu na mikrofoni, akaziba kuta za chumba cha nyuma cha mama kwa mifuko ya wachimbaji iliyojaa matambara, akaanza kutengeneza muziki wa rap. Mdundo wake aliutoa kwenye nyundo zinazovunja mawe na koleo zinazokwaruza chini. Redio hazikuupiga. Wapo waliouita muziki wa wahuni. Tunawaona hapa leo, karibuni sana.

Alikuwa na desturi moja. Mchimbaji aliyerekodi kwake, hata akikosea, hata akikohoa katikati, Dodo hakuifuta sauti yake. Kijana huyo akifukiwa na udongo, Dodo alibeba kompyuta mpaka kwenye kilio, akaketi karibu na mama mfiwa: "Mama, njo sauti ya mutoto wako hii. Sikiliza kama unapenda." Wengine walimfukuza. Wengi walimwomba airudie. Lakini sauti yake mwenyewe, ya kuelekeza wasanii, aliikata kila mara. Alisema, "Sauti ya mwenye mashini ni buchafu." Kweli, mganga hajigangi.

Mwaka 2016 alimwoa Bilkisi, binti wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka Kasongo. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika. Siku tuliyopeleka mali ya mahari, baba mkwe, Mzee Asani, alimwuliza kazi yake.

"Tata, mi narekodi batu."

"Na ukimaliza?"

"Narekodi bengine."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu, nasi tukajua tumepewa mke.

Kikohozi cha Mashamba hakikumwacha. Alikunywa maji moto na asali, akasema ni vumbi tu. Alipokubali kwenda hospitali, Agosti 2024, kilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimefika kooni. Oktoba sauti ilimpotea kabisa, akawa anatuita kwa kupiga kiganja ukutani. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, bila kuweza kusema neno la kuaga. Hilo linaniuma, sitalificha.

Ameacha mjane wake Bilkisi, watoto wao Amani na Mwanvua, mimi dada yake, na mama yetu Numbi.

Mama aliuliza mbele ya watu wote wa kilio, "Sauti ya batoto ba benzangu iko. Ya wangu iko wapi?" Bilkisi akaifungua kompyuta pamoja na Banza, msanii aliyerekodi kwa Dodo tangu mwanzo. Walisikiliza kila kazi. Kila alipozungumza palikuwa pamekatwa.

Jana mchana walifikia wimbo wa Julai mwaka jana, ambao ugonjwa haukumwacha aumalize. Banza anaimba, anakosea, anasimama. Kisha Dodo anasikika, sauti imeanza kukwaruza: "Banza, rudilia. Mama, bukari ilisha kuiva?"

Ni hayo tu: kumwambia Banza arudie, na kumwuliza mama kama ugali umeiva. Tukampigia mama sauti hiyo. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye mkeka, kisha akaigeukia kompyuta na kuijibu, akimwita mwanawe baba, kama tangu utotoni.

"Ilisha, tata. Kuya kula."

Tutaisikiliza sote sasa, kabla sanduku halijashuka. Mungu ampokee Dodo wetu, ampumzishe.