Barua ya Kumpima Radina

Kahawa ilikuwa imemiminwa, pilipili hoho zikiokwa mbele ya jengo, na Jenerali, mpishi mstaafu wa kambi ya jeshi, akilalamikia moshi. Septemba kama zote hapa mjini Pazardzhik. Ndipo Mwalimu Nedko akaweka barua ya hospitali kwenye benchi. Mkewe, Elitsa, alikuwa ametimiza siku arobaini tangu afariki. Tangazo la kifo lenye picha yake mlangoni lilikuwa bado na gundi mbichi. Barua ilimtaka binti yao, Radina, akapimwe.

— Damu tena? Jenerali akafoka. — Asitoe! Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana wanaiuza kwa kilo.

— Kwani wanatafuta nini, Mwalimu? akauliza jirani yao Redio, mama asiyepitwa na habari.

Nedko alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini. Akaonyesha jiko.

— Ndani ya seli kuna mitokondria. Chakula kinaingia, vimeng'enya vinapokezana kazi: Jenerali anaoka, wewe unamenya, mimi natoa mbegu. Mwishoni tunapata nguvu. Kimeng'enya kimoja kikiharibika...

— Redio akigoma!

— ...moto unawaka, pilipili zinarundikana, sufuria tupu. Elitsa alikula vizuri. Kijiko kikamshinda kuinua.

Jenerali akageuza pilipili moja.

— Basi ni hizi pilipili za siku hizi. Zina dawa.

— Dawa wapi! Redio akasema. — Ni minara ya simu. Inanyonya nguvu za watu, inapeleka mji mkuu, Sofia. Umeona kule taa zikizimika?

— Na hospitali inajua! Jenerali akaongeza. — Wanakagua nani bado ana chaji.

— Mitokondria tunazirithi kwa mama, Nedko akasema.

— Si ndiyo! Mtoto wa nyoka ni nyoka, Redio akadakia, kisha akaziba mdomo. — Nisamehe, Mwalimu.

— Ichome, Jenerali akanong'ona. — Moto huu hapa.

Nedko hakukataa. Wiki nzima alikuwa na shaka zilezile, ila kwa lugha ya kisomi: vipimo hukosea, tiba yenyewe haipo.

Zlatina, aliyehamia ghorofa ya tatu juzi, alikuwa amesimama na beseni akingoja zamu yake ya kutumia jiko.

— Samahanini, akasema. — Radina mwenyewe anasemaje?

Redio akamtazama Jenerali. Jenerali akamtazama Nedko. Pilipili zikaungua bila mtu wa kuzigeuza. Nedko hakuwa amemwambia binti yake.

Asubuhi iliyofuata alipanda treni ya saa kumi na mbili na nusu kwenda Plovdiv, mji anakoishi binti yake. Radina alipofungua mlango, Nedko alimpa barua kabla hata ya kuvua koti lake.