Njia ya Lych

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Amos na wewe Tamsin, na mpunguze huo moto maana moshi unanikata pumzi. Bundi amelia tena juu ya zizi. Wazee wetu hapa Devon walimwita bundi wa lych, kwa kuwa humlilia anayekaribia kuwa maiti, na safari hii ananililia mimi.

Vijana hulicheka neno hilo. Bibi yangu aliniambia kwamba hapo kale lych lilimaanisha mwili wa mtu yeyote, awe hai au amekufa, kisha neno likabaki kwa wafu peke yao: lango la lych kule kanisani, ambapo jeneza humsubiri kasisi, na njia ya lych, hii inayoshuka hadi bondeni, aliyopitishwa baba yenu.

Amos, nilikusikia jana mlangoni. Bwana Pellow, mwenye shamba ambalo njia yetu hulipita, alisema, "Mama yako akienda, chukua mkokoteni wangu na farasi, mpite barabara kubwa. Bure kabisa." Nawe ukajibu, "Ahsante, bwana." Mbona hukumwuliza kwa nini ametia mnyororo kwenye lango la njia yetu? Anajua kwamba huku kwetu njia inayopitisha maiti haifungwi. Tangu aifunge hajafa mtu huku juu. Mimi ndiye wa kwanza; nikipitishwa barabara kubwa, njia yetu imepotea, naye ananingoja kwa wema.

Wema ninaujua, wanangu. Siku ya mazishi ya baba yenu theluji ilianguka, na jirani yetu Jabez akavua koti lake akamfunika Tamsin mgongoni pangu, akabeba jeneza akiwa na shati tu. Mkunga aliyekupokea, Amos, alipanda kwa njia hiyohiyo. Ikifungwa, mwenye uchungu wa kuzaa atamngoja mkunga azunguke mlima mzima, na huenda asimkute hai.

Nyumba ni ya Tamsin, kondoo ni wa Amos, msigombane. Mimi nibebeni mabegani, miguu mbele, nisije nikatazama nyumbani nikatamani kurudi. Mkichoka, nitueni juu ya lile jiwe la njiani la kupumzishia majeneza. Mkifika kwenye lango la Pellow, msinirushe juu yake wala msivunje mnyororo. Nitueni palepale, mkae. Mvua ikinyesha, kaeni. Pellow akija, mwambieni mama hana haraka. Afungue mwenyewe, kwa mkono wake, watu wakiona.

Mungu awape migongo imara, na majirani kama Jabez. Tamsin, mkono wako... uko wapi? Bundi amenyamaza. Basi mauti yameshafika. Miguu mbele, Amos. Miguu...